Zanzibar au Unguja? Jina moja, maana kibao

Swali lililonifikia ni hili, nimelifupisha kidogo tu: "Shikamoo mwalimu. Naomba unisaidie, jina Zanzibar hasa maana yake nini? Shuleni tulifundishwa ni Zenj na bar, yaani pwani ya watu weusi. Mjomba wangu aliyesoma Kiarabu anasema hapana, ni zayn za l-barr, 'nchi nzuri hii'. Halafu juzi nimemwambia rafiki yangu wa Chake Chake kwamba natamani kwenda Pemba na Zanzibar, akanicheka, akasema kwani Pemba si Zanzibar? Nimechanganyikiwa. Na hii Unguja nayo imetoka wapi?"

Marahaba mwanangu. Umeuliza maswali matatu kwa mpigo, ila yamefungamana, ukivuta moja yanakuja yote. Nianze na mjomba maana najua huko nyumbani ndo kuna moto.

Hiyo ya zayn za l-barr ni tamu sana masikioni, na wanaotembeza wageni Mji Mkongwe wanaipenda kufa, unamwambia mtalii "nchi nzuri hii" anatabasamu, anapiga picha, kazi imeisha. Kama sentensi ya Kiarabu haina ubaya wowote. Tatizo linakuja ukichukua karatasi na kalamu. Mwambie mjomba akuandikie Zanzibar kwa Kiarabu kama ilivyoandikwa miaka yote kwenye barua na vitabu, atakuandikia زنجبار. Sasa hesabu naye herufi: ze, nuni, jimu, be, alifu, re. Sita. Afu mwambie akuandikie hiyo sentensi yake, ataanza na ze, kisha ye, kisha nuni, halafu dhali (maana lile "za" la katikati ni "dha", hii), alifu, alifu tena na lamu, mwisho be na re. Angalia vizuri, jimu iko wapi? Haipo. Na ile ye ya kwenye zayn imepotelea wapi kwenye jina? Na angalia mwisho kabisa, hapa ndo pananifurahishaga mimi: barr ya Kiarabu, ile yenye maana ya nchi kavu, ambayo ndiyo imetuzalia "bara" yetu ya Kiswahili, inaandikwa be na re basi, haina alifu katikati. Zanzibar ina alifu. Kalifu kadogo hako kanamaliza ubishi wote, maana maneno yanaweza kumeza sauti mdomoni, sawa, lakini huwezi kuniambia watu walidondosha ye, wakageuza dhali ikawa jimu, wakaokota alifu njiani, na hakuna hata mwandishi mmoja wa zamani aliyeiandika ile sentensi ilivyokuwa mwanzo.

Kwa hiyo mwalimu wako wa shule ndo yuko karibu na ukweli, ila na yeye nina neno naye. Wengi wakisema "Zenj na bar" wanadhani yote ni Kiarabu. Mkia wa jina ni Kiajemi. Bār kwa Kiajemi ni kando, ukingo, pwani, na ina hiyo alifu. Kule Iran kuna mji unaitwa Rudbar, rud ni mto, kwa hiyo ni ukingoni mwa mto, na pwani ya kusini magharibi ya India inaitwa Malabar, mkia ni uleule. Na kichwa cha jina, Kiajemi wanasema zang au zangi, mtu mweusi. Kiarabu cha vitabuni hakina sauti ya "g" kama ya gari, kwa hiyo zang ikapita mikononi mwa Waarabu ikawa zanj kwa jimu. Zangibar, Zanjibar. Wareno na Wazungu wengine walipoipokea wakaipiga "z" ya pili, ikawa Zanzibar. Wagujarati waliokuja kufanya biashara wao waliiita Jangbar, unasikia hata hapo ile "g" ya Kiajemi bado inapumua.

Kuna na kundi la tatu, wewe hujalitaja ila lazima utakutana nalo, wanasema jina limetoka kwenye zanjabili, yaani tangawizi, si visiwa vya viungo bwana! Zanjabil ni neno la Kiarabu kweli, limo hata kwenye Kurani, sura ya 76 aya ya 17, ila lenyewe lilitoka India, ni ukoo mwingine kabisa, na linaishia na ye na lamu. Kufanana mwanzo tu, kama Mariamu na Marijani. Na karafuu zenyewe zililetwa karne ya 19, jina lilikuwa limeshazeeka.

Sasa Zanj ni nani? Hapa twende pole pole maana ndipo watu wanapotelea. Lile neno ni la zamani kuliko Uislamu. Msafiri mmoja wa Kigiriki, Cosmas, karne ya 6, anataja sehemu inaitwa Zingion, mbele ya nchi ya ubani, ambayo mabaharia wa Bahari ya Hindi waliijua. Baadaye waandishi wa Kiarabu wanaandika bilad az-Zanj, nchi ya Zanj, na wanamaanisha pwani nzima ya huku kwetu, siyo kisiwa. Al-Masudi, msafiri na mwandishi wa Kiarabu, alisafiri kutoka Qanbalu kwenda Oman mwaka 916, na hiyo Qanbalu wataalamu wengi wanaiweka Pemba, anazungumzia bahari ya Zanj, pembe za ndovu za Zanj, mfalme wa Zanj. Lakini wakati huohuo kule Iraki neno lilikuwa na maisha mengine, kulikuwa na uasi mkubwa wa watumwa kwenye vinamasi vya Basra, mwaka 869 mpaka 883, unaitwa uasi wa Zanj, na hapo Zanj ni watumwa weusi kwa ujumla, si lazima wawe wametoka pwani yetu. Kwa hiyo neno lilikuwa jina la nchi kwa baharia, na jina la rangi na la utumwa kwa mtu wa mjini Basra. Mpaka leo Mwarabu akikuita zinji hajakusifia. Usishangae basi kwamba kuna watu wanaikimbilia ile ya "nchi nzuri hii", nawaelewa kabisa, nani anataka nchi yake iitwe kwa neno la dharau? Ila historia haiangalii tunapenda nini.

Jina la pwani nzima basi likawa linatembea. Mchina Zhao Rugua mwaka 1225 aliandika habari za Cengba, tamka na wewe uone, ni Zangibar hiyohiyo imepita kwenye mdomo wa Kichina, na yeye mwenyewe hakuwahi kufika, alikuwa ofisa wa forodha anauliza wafanyabiashara. Marco Polo naye mwisho wa karne ya 13 anasema Zanghibar ni kisiwa chenye mzunguko wa maili 2,000. Elfu mbili! Unguja ukiizunguka kwa gari asubuhi mchana umemaliza. Hakufika yeye pia, alisikia habari za pwani yote akaisokomeza ndani ya kisiwa kimoja. Na ramani za Ulaya kwa karne kadhaa baadaye zimeandika "Zanguebar" kwa herufi kubwa zinazoteremka kutoka chini ya Somalia mpaka karibu na Msumbiji, Mombasa humo, Kilwa humo, kila kitu humo.

Wakati wote huo watu wa kisiwani wenyewe walikuwa wanaita kwao nini? Unguja. Na hili jina ndilo la nyumbani, na nalo ni zee vilevile. Al-Jahiz, mwandishi wa Basra aliyefariki miaka ya 860, anasema Zanj wako wa aina mbili, wa Qanbalu na wa Lanjuya. Yaqut, mwandishi wa jiografia aliyefariki 1229, anaeleza kwamba Lanjuya ni kisiwa kikubwa katika nchi ya Zanj, mfalme wao anakaa hapo, meli zinakuja kutoka kila upande, na kwamba watu wake wamehamia kisiwa kingine kinaitwa Tumbatu, na wenyeji wa huko ni Waislamu. Tumbatu! Mpaka leo ipo palepale pembeni mwa Mkokotoni, haijabadilisha jina hata herufi moja, mimi nikisoma pale huwa nasimama kwanza.

Rudi kwenye Lanjuya. Toa ile jimu urudishe "g", kama tulivyofanya kwenye zanj, unapata Languya au Lunguya, na ile "y" ya mwisho kwetu ni "j", yaani Lunguja. Sasa ile "l" ya mwanzo si bahati mbaya. Kiswahili cha zamani sana kilikuwa na kiambishi lu- kama lugha nyingine za Kibantu, baadaye "l" ikaanguka ikabaki u-. Sisi tunasema ulimi, Waganda wanasema olulimi. Kwa hiyo Lunguja ikawa Unguja, njia ileile aliyopita ulimi. Na hili linatupa shida na ile hadithi maarufu ya "ungu jaa". Umeisikia? Wazee wanasema ungu ni chombo, kama chungu au sinia, na jaa ni kujaa, kwa hiyo Unguja ni chungu kilichojaa, nchi ya neema. Mzee mmoja wa Nungwi aliwahi kunieleza hiyo huku ananimiminia chai ya tatu, na alikuwa na hoja nzuri tu, kwamba kisiwani samaki wapo, muhogo upo, nazi zipo, chungu kitaacha vipi kujaa. Sikubishana naye, chai ilikuwa yake. Ila hapa nakuambia wewe, yeyote anayeshika ungu jaa aniambie kwanza kwa nini mtu wa Basra miaka elfu na mia moja na zaidi iliyopita alisikia "l" pale mbele. Hadithi za namna hii huja baada ya jina, watu wana jina tayari, wanalisikiliza, wanatafuta maneno yanayofanana nalo. Bagamoyo nayo ina zake, na karibu kila mji wa pwani.

Unguja yenyewe awali pengine haikuwa jina la kisiwa chote. Kusini kuna kijiji kinaitwa Unguja Ukuu, na wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta pale mji wa bandari wa tangu karne ya 6 au 7, vyombo vya kutoka Ghuba ya Uajemi, mpaka vya China. Ukuu ni ukubwa, Unguja kubwa, Unguja ya asili. Naona mimi jina lilianza mji ule ndipo likasambaa kisiwa kizima, kama vile mtu anavyosema naenda Mafia wakati anashuka Kilindoni.

Kabla ya yote hayo kisiwa hiki, au jirani yake, kimetajwa kwa jina lingine kabisa. Kuna maandishi ya Kigiriki ya karne ya 1, mwongozo wa mabaharia, yanataja kisiwa cha Menouthias, tambarare na chenye miti, na watu wanatumia mitumbwi na mashua za kushona kwa kamba, na wanavua samaki kwa vikapu vilivyosukwa, wanaviweka kwenye mianya ya miamba maji yakipwa na kujaa. Madema hayo! Nenda Kizimkazi au Jambiani leo utayaona yameanikwa juani. Wasomi wanagombana kama Menouthias ni Unguja, Pemba au Mafia, mimi siwaingilii, ila dema nalitambua.

Haya, tuje kwa rafiki yako wa Chake Chake, maana kicheko chake kina historia ndefu. Jina Zanzibar lilikuwa la pwani nzima, tumeliona. Karne ya 19 Seyyid Said wa Oman alihamishia makao yake Unguja, na baada ya kifo chake, mwaka 1861, Zanzibar ikatenganishwa na Oman ikawa na sultani wake. Hapo ndipo Zanzibar ikawa jina la dola. Na dola hiyo haikuishia visiwani, Mombasa, Lamu, Pangani, Bagamoyo, Kilwa, mpaka Mogadishu na Barawa, sultani alikuwa anadai ni zake. Ule msemo wa zumari kupigwa Unguja watu wakacheza bara umetokea enzi hizo, karibu ramani ya zamani ya Zanguebar ilikuwa inarudi kuwa kweli.

Afu ikaanza kukatwa kama mkate. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikaa wakamwachia sultani visiwa na ukanda wa pwani wa maili 10 tu kwenda ndani. Mwaka 1890 Wajerumani wakauchukua upande wao wa ukanda huo kwa mark milioni 4, Mafia nayo ikaenda nao, na visiwa vilivyobaki vikawa chini ya ulinzi wa Uingereza. Bandari za Benadir, yaani za pwani ya Somalia kama Mogadishu na Barawa, zikakodishwa kwa Waitalia, mwaka 1905 zikauzwa kabisa. Pwani ya Kenya ilikodishwa kwa Waingereza mwaka 1895, na watu wengi hawajui hili, kwa jina ilibaki mali ya sultani mpaka 1963, kwa hiyo bibi wa mtu wa Mombasa Mji wa Kale aliyezaliwa miaka ya 1940 alizaliwa kwenye nchi ya sultani wa Zanzibar huku akiishi Kenya. Bendera nyekundu ya sultani ilikuwa inapepea Fort Jesus.

Kilichobaki baada ya kukatwa kote huko ni visiwa viwili vikubwa na vidogo vinavyovizunguka. Uhuru ukaja tarehe 10 Desemba 1963, mapinduzi tarehe 12 Januari 1964, muungano tarehe 26 Aprili mwaka huohuo, na mwezi Oktoba 1964 jina Tanzania likapatikana, Tan ya Tanganyika na Zan ya Zanzibar. Yaani ile zang ya Kiajemi imo mpaka kwenye pasipoti yako wewe uliyeko bara, hilo wengi hawalifikirii! Katiba ya Zanzibar ya 1984 inasema wazi kwamba eneo lake ni visiwa vya Unguja na Pemba pamoja na visiwa vidogo vinavyovizunguka. Kwa hiyo rafiki yako alikuwa sahihi asilimia mia, kumwambia Mpemba "Pemba na Zanzibar" ni kama kumwambia mtu wa Moshi unataka kwenda Moshi na Kilimanjaro.

Lakini na wewe sikulaumu, maana lugha ya mtaani inasema hivyohivyo. Mtu wa Dar akisema "naenda Zanzibar wikiendi" anamaanisha Unguja, tena anamaanisha mjini na fukwe mbili tatu. Hata viwanja vya ndege, kifupi cha Unguja ni ZNZ na cha Pemba ni PMA, kana kwamba Pemba iko pembeni ya Zanzibar na siyo ndani yake. Kwa hiyo neno moja leo lina maana tatu au nne zinazokaa pamoja: nchi yenye serikali yake, kisiwa cha Unguja, mji wenye Mji Mkongwe na Ng'ambo, na wakati mwingine, kwa Wazungu, hata ndoto tu ya bahari na jahazi.

Na kuna mahali jina limeenda likapata maana ambayo hata Mzanzibari haijui. Kule Durban, Afrika Kusini, kuna jamii inaitwa Wazanzibari. Babu zao walikuwa watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa wakapelekwa Natal kati ya 1873 na 1880, wengi wao walikuwa Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji, kisiwa chenyewe wengine walikipitia tu. Jina likawashika, na serikali ya ubaguzi ilipowadia likawasaidia, maana waliwekwa upande wa Waasia na si wa Waafrika. Fikiria, neno lililoanza na maana ya "watu weusi" linamtoa mtu kwenye kundi la weusi. Wapagazi wa wale wapelelezi wa Kizungu nao, Mnyamwezi wa Tabora akishaajiriwa Unguja tu, kwenye daftari anaandikwa "Zanzibari". Na Yemen, mkoa wa Abyan, mji mkuu wake unaitwa Zinjibar, ukitafuta habari mtandaoni ukaona mapigano Zinjibar usianze kupigia simu ndugu zako.

Kwa matumizi yako ya kila siku: ukiongelea serikali ya visiwani, katiba yake, timu yake ya taifa, sema Zanzibar. Ukiongelea kisiwa chenyewe, hasa ukiwa na Mpemba karibu, sema Unguja. Mtu wa Makunduchi au Nungwi wala hasemi hivyo vyote viwili akienda sokoni Darajani, anasema "nakwenda mjini" basi. Na mjomba mpelekee ile karatasi yenye herufi sita, ila subiri amalize kula kwanza.